Jiwe la Kusagia la Bibi

Juzi niliona punje za mchanga ziking'aa kwenye jiwe lililopasuka, nikakumbuka uani kwa bibi, kijijini Ganako, palivyonukia mtama uliosagwa. Siku moja, nikiwa mtoto, mtaalamu wa miamba aliyetutembelea alipiga magoti, akalichungulia jiwe la bibi la kusagia kwa lenzi.

"Limetoka wapi?"

Nilidhani anatafuta mwizi. Nikalikalia. Hata sasa swali dogo hunitia hofu.

"Kwetu Mbulu," bibi alijibu. "Nililetwa nalo nilipoolewa."

"Na punje zake, bibi?" mgeni akasema. "Zilimomonyoka kwenye mlima wa mbali, mto ukazibeba, ndipo zikashikamana zikawa jiwe."

Bibi akalipapasa lile jiwe. "Kumbe nawe ulitolewa kwenu," akaliambia. Kisha akanigeukia: "Inuka wewe, tusage. Mgeni atakula nini?"