Karani wa Talaka na Mayai ya Droo ya Chini

Karani wa talaka, ambaye meza yake inapakana na yangu, ana droo tatu. Ya juu ina mihuri, ya kati ina fomu, ya chini ina mayai ya kuchemsha. Ofisi nzima tunamwita Baba Mayai, na yeye anaitika.

Binti yake ni muuguzi. Ndiye aliyemweleza kwamba tumbo tupu hutoa homoni ya njaa, na homoni hiyo haiishii tumboni. Inapanda hadi kichwani, inachokoza hasira na wasiwasi, mpaka jambo dogo linaonekana kubwa. Mtu mwingine angeitikia "ahaa" akasahau. Yeye aligeuza maneno hayo kuwa kanuni ya kazi: mwenye njaa hapewi fomu. Wanandoa wakiingia saa sita wamenuniana, anawapa yai moja moja na kuwaambia warudi saa nane. Wengi hawarudi. Mkuu wetu alimuuliza kwa nini fomu haziishi. Akajibu kwamba wateja wanashiba.

Tatizo ni kwamba akishagawa mayai hujisahau mwenyewe. Jioni anarudi nyumbani hajala kitu tangu chai ya asubuhi, na mkewe ndiye anayekiona cha moto: kelele kwa sababu ya kijiko, ya pazia, ya redio. Nilimwambia. Akanijibu kwamba yeye ana msongo wa kazi. Nilitamani kumrushia yai.

Jumanne moja, saa tisa mchana, mkewe aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini.

"Nimekula nikashiba," alisema. "Nipe fomu."

Baba Mayai alifungua droo ya chini kwa mazoea. Yalikuwa yamebaki mawili.

"Hayo kula wewe, baba watoto. Kanuni ni ya wote wawili."

Akayala yote, bila chumvi. Alipomeza la pili, uso ulimlegea. 

"Jioni nimekuwa mtu mbaya," alisema.

"Miaka kumi na minane."

Alimpa fomu. Mimi niliumia kumwona. Mkewe hakuijaza. Aliikunja, akaitia mkobani, akasema siku mumewe atakayoingia ndani na njaa ndiyo siku ataijaza.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Kila jioni Baba Mayai anabaki na yai moja mfukoni, na hulila amesimama nje ya mlango wake kabla ya kubisha hodi. Fomu iko kabatini, chini ya mashuka. Anajua iko wapi, maana mkewe amemwonyesha.