Udi Si Moshi

Dada yangu alishaamua kuhama Kinyerezi. Nyumba ile yeye na shemeji waliijenga kidogo kidogo, wakahamia haina hata dari, halafu leo aiache kwa sababu ya mitambo ya gesi! Binti yake alikuwa anakohoa kila usiku mpaka anakaa kitandani akitafuta pumzi, na majirani walishakubaliana kwamba ni hewa ya mitambo. Mie kazi yangu ni kupima kemikali, kwa hiyo nikamwambia asifunge mizigo kwa maneno ya mtaani. Tukabishana sana. Yeye hapendi kuambiwa, na mie sijui kunyamaza.

Daktari alishasema kifua cha mtoto hakitaki moshi. Nikamuuliza dada kama humo ndani wanachoma kitu chochote chenye moshi. Akasema hakuna, wanapikia gesi, na dawa ya mbu ya kuchoma walishaacha. Nikamwamini.

Kifaa chenyewe ni kijibomba cha chuma kinachoenea kiganjani, ndani kina unga unaonasa kemikali za hewani. Unakitundika, kinanasa hata kile kidogo ambacho pua haikisikii. Ukirudi maabara unakipasha moto, vilivyonaswa vinajiachia, vinaingia kwenye mashine inayovipambanua kwa uzito wake. Ukishapasha, basi, vimetoka vyote, hakuna kurudia. Nilitundika kimoja uani, kimoja sebuleni, na kimoja chumbani kwa mtoto.

Cha uani hakikuwa na la maana. Cha sebuleni nacho, kidogo tu. Cha chumbani kwa mtoto kikajaza skrini nzima kwa alama za moshi wa manukato. Mkuu wangu, mtu wa bara asiye na maneno mengi, akautazama ushungi wangu, akauliza kama nimejifukiza udi. Kweli nilikuwa nimejifukiza, kulikuwa na harusi. Niliona aibu jamani! Nikajua nimeiharibu sampuli kwa nguo zangu, na ndiyo hairudiwi. Nikapasha kijibomba kitupu nilichokibeba mkoba mmoja na vile vingine, kwenda na kurudi, kwa ajili ya mashaka kama hayo. Kilikuwa safi; basi udi ule haukutoka kwangu, ulikuwa chumbani.

Ndipo nikakaa chini. Mama yetu, tangu aje kutoka Lindi kuishi na dada, kila magharibi humfukizia mjukuu wake chumba: chandarua, shuka, gauni la kulalia, na dirisha anafunga ili udi ukolee. Sote tunajua. Mie mwenyewe nimeshaingia chumba kile nikaisifia harufu. Dada hakunidanganya hata chembe. Kwetu sie, moshi ni wa kuni, wa taka, wa magari. Udi ni udi. Nani akiulizwa habari za moshi anafikiria chetezo cha kufukizia udi?

Kwenda kumwambia mama niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikaanza kuzungukazunguka mpaka dada akanikata jicho. Basi nikasema yote. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni mie," akasema.

Nikamwambia si wewe mama, ni moshi. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mie kila nikiona kikohozi kinazidi, nazidisha udi," akasema. "Nikijua namsaidia apumue."

 Roho iliniuma sana. Dada naye, aliyekuwa kagombana na mitambo na serikali nzima, aliinuka akaenda jikoni, akafungulia maji bila kuosha chochote.

Magharibi ilipoingia mtoto akaja, ameshaoga, amevaa gauni la kulalia. Akasimama mbele ya bibi yake, akatanua mikono afukizwe kama walivyozoea. Kopo la udi lilikuwa pale pale mkekani, limejaa. Mama akalisogeza taratibu nyuma ya mgongo wake.

"Udi umeisha, mke mwenzangu," akamtania.