Steringi wa Wino

Siku yangu ya kwanza kazini ilinikuta nauza suruali. Nilikuwa na meza ya mitumba pale Mkuyuni, na mteja mmoja alishika suruali ambayo mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Nikamweleza kwamba hiyo ilishonwa kwa ajili ya watu wa mlimani, na Mwanza ni mji wa mawe na miinuko, akiiacha atajuta. Akaichukua. Nyuma yake alisimama mwenye banda la video la jirani, mzee mnene asiyecheka. Sote tulimwita Mkurugenzi, ingawa alichokuwa anakiongoza ni televisheni moja, deki moja na mabenchi kumi na mawili.

"Wewe," akaniambia, "unajua Kichina?"

"Sijui."

"Kihindi?"

"Sijui, Mkurugenzi."

"Aliyeuza suruali ile haulizwi lugha. Saa tisa alasiri uwe ndani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kutafsiri sinema. Ninyi mnaoangalia filamu kwenye simu, maneno yakipita chini kama siafu, hamkuikuta kazi hiyo. Mtafsiri alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, maiki mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti. Watu wa kwenye filamu wakiongea, unawashusha wao unapanda wewe. Wakipigana, unawaachia, maana ngumi haina haja ya mkalimani. Deki, yaani ile mashine ya kuchezesha kanda, nayo ilikuwa na kichwa chake tulichokiita hedi. Vumbi likikaa pale picha inachirizika kama mvua, na ilibidi kuifuta hedi kwa pamba na spiriti, taratibu, kama unafuta jicho la mtoto.

Mkurugenzi alinipa sheria ya kazi nikiwa bado mlangoni. "Steringi hafi. Watu wamekuja kumuona akishinda. Hata filamu ikimuua, wewe mfufue." Steringi ndiye mhusika mkuu, yule ambaye risasi zinamuogopa. Niliishika sheria hiyo. Nimefufua watu wengi kuliko mhubiri yeyote wa Kanda hii ya Ziwa.

Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ni ya macho, ya pili ni ya kuyashuku macho. Kwa hiyo filamu mpya niliiangalia asubuhi peke yangu, mara mbili, nikiwa na daftari. Neno lililojirudia nililiandika kama lilivyosikika, nikatazama mtu anafanya nini anapolisema, halafu nikalipangia maana. Nikishalipangia maana sishuki. Mteja akishaambiwa kitu ni kimoja, ukibadilisha katikati anahisi anaibiwa. Njia hiyo ilinipa jina mjini. Kwa Kichina sikuwahi kulaumiwa, kwa kuwa hakukuwa na Mchina kwenye mabenchi.

Sasa nifike kwenye ile kanda.

Fundi mmoja Mwitaliano aliyekuja kwa kazi ya barabara alikuwa anarudi kwao, akauza vyombo vyake. Mkurugenzi alinunua sanduku zima kwa ajili ya birika, na chini ya birika kulikuwa na kanda ya video isiyo na ganda. Niliiweka asubuhi, nikadhani deki imeharibika. Ilikuwa filamu ya watu wa kawaida, wenye nyama na jasho, lakini katikati yao alitembea mtu wa kuchorwa. Katuni. Kofia, mistari miwili ya miguu, tumbo jeupe la karatasi. Fundi saa mmoja mwenye aibu alikuwa anampenda mama muuza miavuli wa ng'ambo ya barabara, akashindwa kumsemesha, akajichora kwenye karatasi ya kufungia bidhaa. Mchoro ukabanduka ukaenda kumtongoza kwa niaba yake. Ukapita chini ya mlango, ukavua kofia, ukasema: "Chao."

Hayo ya aibu na mapenzi ninayajua leo. Asubuhi ile nilichokuwa nacho ni neno moja tu ninalolielewa. Vijana wa mjini waliokuwa wakijifanya wazungu waliagana hivyo: "Haya, chao." Kwa hiyo chao ni kwaheri. Nikalihesabu ndani ya kanda, nikapata mara saba. Nikarudisha kanda mwanzo, nikahesabu tena, saba.

Shida ikawa hii: mtu gani anaingia nyumbani kwa mwanamke, anavua kofia, na jambo la kwanza analosema ni kwaheri? Nilikaa kwenye stuli mpaka jua likaingia mlangoni. Mtu wa hivyo ni mmoja tu. Ni yule aliyeondoka bila kuaga.

Nikamwendea Mkurugenzi. "Hii filamu, steringi wake ni marehemu."

"Nilikwambia nini kuhusu steringi?"

"Hafi, Mkurugenzi. Huyu hatakufa. Ameshakufa kabla filamu haijaanza."

"Hiyo haijavunja sheria," akasema.

Nikaitafsiri hivyo. Mtu wa kuchorwa alikuwa mume wa yule mama muuza miavuli. Alizama majini, mwili haukupatikana, ndiyo maana amerudi bila nyama, mistari mitupu. Fundi saa nikamfanya ndugu yake, kwa kuwa sura zilifanana. Mwishoni mchoro unasimama mlangoni kwa mama, mvua inanyesha, wino unachuruzika mpaka unakwisha, na alipokuwa mchoro anabaki amesimama fundi saa mwenyewe, ameloa. Linasikika neno la mwisho, "Chao," mama analia huku anatabasamu, na picha inakatika. Nikatamka: "Kwaheri, mke wangu. Maji yamenichukua mara ya pili, na safari hii nimekuaga."

Hakuna aliyecheka. Wanaume waliozoea ngumi walitoka wakitazama chini.

Siku ya pili aliingia mwanamke. Wanawake hawakuingia bandani mara kwa mara, ndiyo maana nilimuona. Aliweka beseni lake la dagaa nje, akakaa benchi la mbele, mikono magotini. Siku ya tatu akarudi. Siku ya nne nikamfahamu: Mama Achieng, aliyekuwa na meza ya dagaa upande wa pili wa soko, Mjaluo aliyetoka mwambao wa ziwa kule Mara. Mumewe alikuwa mvuvi huko. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, wenzake watatu wakapatikana, yeye hakupatikana. Mwaka wa sita ulikuwa unaenda.

Kwao mtu asipoonekana haachwi hivi hivi. Linachukuliwa tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama gunia, linalazwa kaburini mahali pake, halafu mtu mwenyewe analiliwa na kuhesabiwa amezikwa. Baba mkwe alikuwa ameshatuma watu mara kadhaa kumwita aje wazike. Mama Achieng alikataa kila mara, kwa sababu aliyezikwa kwa mwegea, hata akirudi mzima, hana tena mlango katika boma lile.

Alinisubiri nje baada ya onyesho.

"Shemeji, habari ya kazi."

"Nzuri, mama. Leo dagaa wangapi wamekuja kuangalia?"

Hakucheka. "Lile neno la mwisho. Yule mtu anasema kweli kwaheri, au umeongeza chumvi?"

"Mimi siongezi."

"Wewe? Uliyemuuzia kaka yangu suruali ya mlimani?"

Hapo nilipaswa kusema sijui. Neno fupi, silabi tatu, na halina gharama. Lakini mfanyabiashara akibanwa mbele ya bidhaa yake hashuki, na mimi sikushuka.

"Mama Achieng, nimelihesabu mara saba, nikarudia, saba. Ni kwaheri."

"Na mke anakubali?"

"Si unamuona anatabasamu?"

Akachukua beseni, akalitwika. "Baba mkwe anataka jibu Jumamosi," akasema, akaondoka. Wiki iliyofuata meza yake ilikuwa na mtu mwingine. Wakasema amekwenda Mara kuzika.

Aliporudi alikuwa amenyoa nywele. Alinisalimu kama kawaida. Hakuingia bandani tena.

Mkurugenzi alipofungua banda la pili Misungwi alinihamishia huko. Huko nilikuwa chini ya Msimamizi, kijana wa Kisukuma kama mimi aliyechanganya kula na kura hadharani bila wasiwasi. Alinikataza filamu za kuliza. "Hapa watu wametoka kuuza ng'ombe," alisema, "wameshalia mnadani." Miaka ya Misungwi nilitafsiri ngumi na treni. Kisha kanda zikafa, zikaja diski, diski nazo zikafa, mabanda yakageuka maduka ya vocha. Mkurugenzi alifariki akiwa bado anadai steringi hafi. Tulipomzika nilitazama pembeni.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kiseke, kijumba cha bati ambamo niliwawekea watu filamu kwenye simu zao, na nyingine chache niliziingizia sauti yangu mwenyewe. Ile ya wino niliihamisha kutoka kwenye kanda. Mchana mmoja alikuja padri mzee mstaafu, aliyesoma Roma ujanani, akitaka mapambio. Filamu ile ilikuwa inaendelea kwenye skrini. Akasimama kuitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaomba stuli.

"Shikamoo, Baba Padri. Unacheka nini?"

"Marahaba. Nacheka huyu anayejikwaa kwenye mwavuli. Lakini sauti hii inayoomboleza ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba."

"Kuna msiba?"

"Si marehemu huyo?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mwenzake zipu iko wazi. Akanieleza filamu yote. Ni ya kuchekesha. Hakuna aliyekufa. Ni mwanamume muoga tu na picha yake. Nikamuuliza kuhusu chao.

"Lina nyuso mbili. Ukiondoka ni kwaheri. Ukifika ni hujambo."

"Na pale mwishoni, Baba? Mlangoni?"

"Pale? Hilo ndilo neno la kwanza yule fundi kumwambia yule mama kwa mdomo wake mwenyewe. Anasema hujambo, nimekuja."

Alipoondoka nilirudisha mwanzo, nikahesabu. Saba. Idadi yangu ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Nilikaa na habari hiyo kwa msimu mzima wa mvua. Nilijadiliana na nafsi yangu kama na mteja mgumu: tunda lilishaoza ardhini, mume hakurudi, kumwambia kutamsaidia nini. Kila hoja niliyoitoa niliifahamu, nilishawahi kuitumia kuuza kitu kibovu. Basi nikafunga kijumba, nikaenda Mkuyuni.

Mama Achieng alikuwa kwenye meza ileile, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuwa ameolewa tena. Akanisogezea ndoo nikae.

"Shemeji, umechakaa."

"Nimekuja kwa neno moja, mama. Lile la filamu. Nilikosea. Halikuwa kwaheri."

Aliendelea kuchambua dagaa, akitoa mchanga kwa kidole. "Lilikuwa hujambo," akasema.

Nikainuka kwenye ndoo, nikakaa tena.

"Jioni ileile nilipotoka kwako nilipita kwa sista mmoja Mwitaliano, yule wa zahanati. Nikamwelezea mlango, mvua, mama anatabasamu. Akaniambia, pale ni hujambo. Ulifikiri naweza kumzika mtu kwa mdomo wa muuza suruali?"

"Na bado ukaenda kuzika?"

"Hujambo nilikuwa nayo, shemeji. Miaka sita kila mlango ukigongwa nasikia hujambo, nafungua, ni jirani anaomba chumvi. Kwaheri ndiyo sikuwa nayo. Wewe ndiye pekee uliyekuwa nayo." Akapuliza mchanga kwenye kiganja. "Nikachukua yako. Nilijua ni mbovu."

"Ilisaidia?"

Akafikiri, akanijibu kwa haki, kama mtu anayepima kwa mzani ulio sawa. "Baba mkwe alilala vizuri mpaka akafa. Achieng aliacha kuuliza baba yuko wapi. Mimi mlango ukigongwa bado nasimama."

Akanifungia dagaa kwenye gazeti. Nikabishania bei kwa mazoea, naye akagoma kushuka.

Sasa nimestaafu. Kijumba cha Kiseke nimemwachia mwingine, anauza soda. Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa ya uongo. Nawaambia kila mtafsiri ana maneno ambayo hayamo ghalani kwake, na siku mteja akiyataka kuna jibu moja la kweli, ambalo ni sijui. Mimi nililinyima benchi la mbele mara moja. Padri alinifundisha pia jina la filamu ile. Nimelisahau, na sijamuuliza mara ya pili.

Kanda bado ninayo. Mara nyingine naiweka bila sauti, mvua inanyesha, wino unachuruzika, mtu anabaki mlangoni na mdomo wake unafunguka. Hapo nasimamisha, kabla hajasema.