Darasa la Theluji la Watoto wa Xiaobei

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa kandambili. Nje jua la Guangzhou lilikuwa linalainisha lami, nami nilikuwa nimetoka Xiaobei, mtaa wa Waafrika wengi mjini, kwa treni na basi, shati limeganda mgongoni kwa jasho, naenda kuajiriwa mahali penye baridi kama ndani ya friza. Mkuu wa Vyombo, mzee mfupi aliyesimamia chumba cha kukodisha viatu na mbao za kutelezea, aliitazama miguu yangu akacheka hadi akashika meza. Kisha akaniletea soksi nene za sufu.

"Vaa," akasema. "Vidole vyako sasa ni mali ya kazi."

Vijana wanaokuja huku kutafuta riziki huniuliza mtu wa Tanga alifikaje kwenye theluji. Sijawahi kutulia mahali, hilo ndilo jibu. Nilimaliza kidato cha nne nikaenda Dar, kutoka Dar nikaenda Dubai, kutoka Dubai nikaja hapa. Kwa muda nilishughulikia mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani, nikiifuatilia hadi bandari ya Huangpu inapoingizwa kwenye makontena. Kazi ilipopoa, Mkongo mmoja muuza simu wa mtaa jirani wa Dengfeng akaniambia kuna jumba la theluji nje ya mji linatafuta mtu anayejua Kiingereza na Kichina cha sokoni. Nilikwenda kwa udadisi tu. Nikakaa kuliko nilivyowahi kukaa popote.

Kwa asiyelijua, jumba la theluji ni kama ghala kubwa mno lenye kuta nene zisizopitisha joto. Ndani wamejenga kilima. Mashine hupuliza maji kwenye hewa baridi, nayo yakatua chini yakiwa theluji. Watu huteleza kilimani wamesimama juu ya ubao mmoja, ubavu mbele, miguu yote miwili imekazwa kwa vifungio.

Chumba cha viatu kilikuwa shule yangu ya kwanza. Mkuu wa Vyombo alimwambia kila mtoto asimame kwa vidole, naye akabonyeza nyuma ya kiatu. Kisigino kikipanda ndani, kiatu ni kikubwa, kinabadilishwa. Wazazi walibishana naye, wakitaka saizi ya kuzidi kidogo kama wanaponunua viatu vya shule. "Kiatu cha kukodi hakisubiri mguu ukue," aliwajibu. Ili kujua mguu gani utangulie kwenye ubao, alimwambia mtoto akimbie na soksi kwenye vigae kisha ateleze. Mguu uliotangulia pale ndio utakaotangulia kwenye theluji. Mtoto aliona ni mchezo, na mzee alikuwa ameshapata jibu lake.

Baadaye nilihamishiwa mteremko wa watoto, chini ya Kocha Mkuu. Huyu alikuwa mwanamke wa Harbin, kaskazini kabisa, ambako theluji huanguka yenyewe. Tulimwita Kocha Guo. Alikuwa na umbo dogo na sauti ya chini, na sikuwahi kumsikia akimkaripia mtoto. Mimi alinipanga kwenye mkanda wa kupandia, ule unaotembea wenyewe na kumpandisha mtoto juu kama sanduku la uwanja wa ndege, niwashike wanaoyumba. Kutoka pale nilimtazama akifanya kazi, na nakiri kwamba mara nyingine nilisahau kushika.

Guo hakuanza na ubao. Alianza na kuanguka. Watoto walifundishwa kuangukia makalio huku wamekunja ngumi kifuani, maana anayejikinga kwa kiganja kilicho wazi huvunjika kifundo cha mkono. Wakishazoea hadi wanacheka, anawafunga mguu mmoja kwenye ubao, mwingine unasukuma. Mwisho miguu yote miwili, mtoto akiteleza polepole kwa ukingo wa kisigino, yaani ubavu wa ubao ulio nyuma ya visigino, ambao ukiinuliwa vizuri huing'ata theluji na kupunguza mwendo. Guo alikwenda kinyumenyume mbele yake, amemshika mikono. Baada ya muda anamshika vidole tu. Baada ya muda hashiki kitu, mikono yake ingali hewani, na mtoto hajui kwamba ameachwa.

Wazazi walikaa nyuma ya kioo. Hiyo ilikuwa sheria yake. "Mzazi akikanyaga theluji," alisema, "mtoto anaacha kutumia miguu yake."

Nilikuwa nikiwaona watoto wetu wa Xiaobei wakishinda madukani na simu za wazazi wao, huku mama zao wakipatana bei. Nikamwomba Guo niwafungulie darasa la Jumamosi, kwa Kiswahili. Meneja wa Ukumbi hakupenda. Aliogopa watoto wasioelewa maelekezo wataziba mteremko wateja wakiwa wengi. Guo alibishana naye mbele yangu mpaka meneja akachoka.

"Haya," akasema meneja. "Alete watano. Kila mmoja ashuke peke yake na asimame peke yake kabla kipindi hakijaisha. Akishindwa hata mmoja, hakuna darasa, na huyu anarudi kwenye viatu."

Guo akanigeukia. "Umesikia. Utafundisha wewe. Mimi nitatazama."

Jumamosi walikuja: ndugu wawili wa Nairobi, wawili wa Dar, na Ramla, binti wa miaka sita. Mama yake Ramla alikuwa Mzanzibari anayenunua nguo soko la jumla la Shahe kwa ajili ya duka lake Unguja. Alikuwa amemvisha mtoto fulana nyingi hata mikono haishuki. Tulimvua tatu.

"Mwalimu, hii theluji ni ya kukula?" mdogo wa Nairobi akauliza.

"Si ya kula."

"Nishakula."

Walianguka vizuri, wote. Wale wa Nairobi walianguka hata wasipoambiwa. Mmoja mmoja nikawapandisha kwa mkanda na kuwashusha nimewashika mikono, kisha vidole, kisha hewa. Wa Dar wakashuka na kusimama. Wa Nairobi wakashuka wakipiga kelele kama wapiga debe, wakasimama. Meneja alikuwa kando ya kilima amefumbata mikono, akihesabu kimyakimya. Akabaki Ramla.

Ramla alikuwa na miguu imara kuliko wote. Nilipomshika alikwenda kama maji. Nikimwachia, anakwenda kidogo, mimi naita, "Ramla, kichwa juu!" naye anaanguka. Tunarudia. "Ramla, nitazame mimi!" Anaanguka. Ukiangalia ncha za viatu vyako juu ya ubao, mwili wote hufuata macho, na safari inaishia hapo. Nikadhani anaogopa. Nikalainisha sauti, nikamsifu, nikambembeleza. Akaanguka tena, akainuka bila machozi, akajikung'uta theluji, akasimama mbele yangu ameinamisha uso.

Guo akanisogelea. "Safari hii usiseme neno."

Nikakaa kimya. Ramla akashuka, mabega yametulia, ubao unakwaruza theluji taratibu. Alipita nusu ya kilima. Furaha ikanishinda.

"Vizuri, Ramla!"

Macho chini. Akaanguka.

"Haogopi," Guo akasema. "Ukimsemesha, anatazama chini. Kwa nini?"

Swali lilinifungua macho. Nilimweleza kwamba kwetu mtoto aliyefunzwa, mkubwa akimsemesha, hamkodolei macho. Anainamisha uso. Hiyo ni heshima, na huyu binti amefunzwa vizuri sana. Wale wengine wanne, labda, hawakufunzwa vizuri hivyo.

Guo hakucheka. Alifikiri. "Nani anaweza kumpa ruhusa?"

"Mama yake."

Dakika za kipindi zilikuwa zinakwisha na meneja alikuwa ameanza kuitazama saa ya ukutani. Guo akaenda mwenyewe hadi kwenye kioo, akagonga, akamwita Mama Ramla kwa mkono. Sheria yake mwenyewe, aliyoilinda mbele ya wazazi matajiri na wakali, akaiweka kando bila maelezo, nami nikamrudisha Ramla juu kwa mkanda.

Mama Ramla akaingia na buibui lake, viatu vya kukodi miguuni, anatembea kama anavuka matope.

"Kaka Salehe, miye nikivunjika kiuno hapa, marobota yangu Shahe utayabeba wewe?"

"Nitayabeba, dada. Mwambie mtoto akutazame."

"Anitizame vipi?"

"Machoni. Asikuondolee macho mpaka asimame."

Akageukia kilima. Nadhani miaka sita yote alikuwa akimfunza kinyume chake. Halafu akainua sauti, "Ramla! Mwanangu, hebu n'tizame mamako. Machoni!"

Sauti ndogo ikatoka juu ya kilima. "Mama, si adabu!"

"Leo nimekupa ruhusa. Nikodolee!"

Ramla akainua uso. Alianza kushuka, macho yote kwa mama yake, makubwa, hayapepesi. Akapita pale alipoangukia. Akaanza kushika kasi, na mama yake, kama mama yeyote, akafungua mikono ampokee.

"Mwambie ashushe mikono," Guo akaniambia haraka. "Anamwendea moja kwa moja, atamgonga. Atembee kushoto. Polepole. Kisha apande kidogo."

Nikatafsiri. Mama Ramla akashusha mikono. Niliona ilivyomwia vigumu. Akaanza kutembea pembeni, buibui likiburuta theluji, akimwambia mtoto, "N'tizame, n'tizame, usin'ache." Macho ya Ramla yakamfuata. Mabega yakafuata macho, nyonga zikafuata mabega, na ubao ukageuka ukakata mteremko. Mama akapanda hatua chache juu. Ubao nao ukaelekea juu kidogo, ukapunguza mwendo, ukaishiwa, ukasimama. Hakuna aliyemgusa.

Meneja akaachia mikono yake. "Watano," akasema, akaenda zake.

Ramla alikuwa bado amemkodolea mama yake macho, akingoja kuambiwa basi.

"Basi, mwanangu," Mama Ramla akasema, anafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini tukitoka hapa, ukin'tizama hivyo tena n'takufinya."

Nilipata darasa langu. Nililifundisha kwa miaka, watoto wa Xiaobei na baadaye watoto wa mji mzima, mpaka goti la kushoto likakataa. Katika kazi hii mtu wa miaka arobaini na kitu ni mzee. Daktari alilibonyeza, akauliza nafanya kazi gani, akatikisa kichwa. Nimestaafu mwaka huu. Wenzangu wa mizigo wanacheka neno hilo, lakini sina jingine.

Kwa vijana watakaoshika kazi hii nina machache. Bonyezeni visigino. Fundisheni kuanguka kwanza. Na mtoto anapowajia macho kwa macho, msimfungulie mikono, sogeeni pembeni awafuate. Mwili wangu haukuwahi kukubali jambo hilo, kila mara ulitaka kukimbia kumpokea. Niliufanya usogee tu.

Wiki iliyopita nilirudi kule na tiketi ya mtazamaji, nikasimama nyuma ya kioo pamoja na wazazi. Kocha Guo alikuwa kwenye mteremko, nywele zimeanza mvi, anakwenda kinyumenyume mbele ya mtoto wa kofia nyekundu, mikono hewani. Bibi mmoja wa hapa Guangzhou aliyekuwa amebeba chupa ya maji moto akanigusa kiwiko.

"Wako ni yupi?"

Nikamwonyesha Guo.

Bibi akachungulia, akacheka. "Huyo ameshakua!"

"Si wangu," nikamwambia. "Mimi ndiye wake."