Simenti Ndani ya Mpira

Kila Destin alipomwamkia sokoni, Mama Emérance alitamani ardhi ipasuke immeze. Kijana alisimamisha mkokoteni wa mizigo, akainama kwa adabu, akampa mikono miwili. Angemtukana, mama angelala usingizi.

Mama Emérance, mjane aliyehamia Bunia kutoka Butembo, alikuwa na kazi ambayo majirani wa mtaa wake wa Ngezi waliijua kwa pua. Aliyeyusha risasi ya betri kuukuu nyuma ya nyumba, akaimimina iwe vizito vya kushusha nyavu, na vikishapoa akavichovya katika mpira wa tairi uliolainishwa kwa petroli. Vilivyokauka kwenye waya vilikuwa vyeusi na laini. Havikukata nyuzi, wala havikugonga mtumbwi na kushtua samaki. Wavuvi wa ziwani walimsifu toka Tchomia hadi Kasenyi, na tuseme ukweli, sifa hizo zilimpanda kichwani kidogo.

Basi siku moja Roger, mvuvi na kaka mkubwa wa Destin, akaja na oda ya haraka wakati risasi imekwisha. Mama angeweza kumwambia asubiri tu. Badala yake alitengeneza baadhi ya vizito kwa simenti, akavipaka mpira mnene, akavichanganya na vile vizuri katikati ya gunia. Nani atachungulia ndani, alijiambia.

Macho hayakuchungulia, ila mkono wa Destin, aliyepewa kazi ya kuvifunga kwenye wavu, ulihisi. "Yaya, hii ingine iko nyepesi," alimwambia kaka yake. Roger alicheka sana: kazi ya Mama Emérance iwe nyepesi? Mkondo wa ziwa ukaja kuubeba wavu ule, nusu yake ikapotea. Destin akarudia maneno yaleyale, na Roger akaona kijana amefunga vibaya halafu anatafuta pa kujifichia. Akamfukuza mtumbwini na nyumbani, mbele ya watu, ndipo kijana akaishia kusukuma mkokoteni sokoni.

Yote hayo mama aliyasikia kwa Destin mwenyewe.

"Labda miye njo nilikosea, mama," alimwambia siku moja, akitazama viganja vyake. "Mikono yangu haijue kupima."

 Mama alimnunulia chai na mandazi, akamwombea kanisani, akafanya kila jambo isipokuwa lile moja lililotakiwa. Mbele ya Mungu aliona haya, lakini majirani wa Ngezi aliwaogopa zaidi.

Ndipo Roger akatokea uani kwake na mfuko begani. Ndani mlikuwa na vizito vilivyookolewa pamoja na ile nusu ya wavu iliyobaki.

"Mama, mupira imechubuka. Upake ingine juu, nifunge mu wavu mupya."

"Na Destin, atarudi ku kazi?"

"Destin? Mutu anaharibu kazi, kisha anachafua jina ya mama muzima kama weye? Hapana. Siye hatuongee tena."

Kopo la mpira lilikuwa wazi karibu na mguu wa mama. Angevichovya vyote, vikauke, na habari ingeishia hapo. Aliokota kimoja, na mkono wake ukakijua papo hapo, kama ulivyokijua ule wa Destin. Akakichovya nusu. Akakitoa kikidondosha mpira, akachukua wembe, akakipasua toka juu hadi chini na kukigonga kwenye jiwe. Vipande vya kijivu vikaangukia viatu vya Roger.

"Ni simenti," mama alisema. "Ni miye."

Roger aliinama, akaokota kipande, akakivunja kwa vidole. Mama alingoja matusi, maana hata hayo yangempunguzia mzigo. Hayakuja.

"Aliniambia," Roger alisema kwa sauti ndogo. "Aliniambia mara mbili."

Alitoa simu, akapiga. Katikati ya kelele za soko sauti ya Destin ilisikika hadi alipokaa mama: "Yaya? Yaya, ni weye kweli?" Furaha iliyokuwa ndani ya sauti ile ilimuumiza mama kuliko matusi yoyote. Roger akamnyooshea mama simu.

"Sema weye, mama."

Alijifuta mikono kwenye kitenge. Mpira haukutoka, akaipokea simu hivyo hivyo.

"Destin, mutoto wangu," alisema, "mikono yako inajua kupima. Yangu njo ilidanganya."