Upinde wa Chuma Nyuma ya Kiti

Mlinzi wa getini alimwona mwanamke anakuja na fito begani, fito ndefu kuliko yeye mwenyewe, akasimama akamwuliza kwa upole ni nani aliyemkosea.

"Bado hajanikosea mtu," Mama Klachi akamjibu. "Nimekuja kuchagua trekta."

Mlinzi akacheka, akamfungulia. Lakini mama huyo hakuwa anatania, na ile fito haikuwa ya kumpigia mtu. Alikuwa ameisimamisha asubuhi ile chini ya tawi la chini kuliko yote, kwenye njia ya kwendea bwawani, akaikata kwa panga pale ilipogusa. Trekta litakalozidi kimo cha fito hiyo halitapita.

Jina la Klachi alipewa kwa sababu ya miguu yake. Ni mifupi. Akitaka kukanyaga klachi sharti ainuke kwenye kiti na kushuka nayo kwa uzito wake wote, kama mtu anayekanyaga nyoka. Madereva wa huko walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuendesha trekta kwenye msitu wa uwindaji: kufyeka njia za magari, kusafisha njia za kuzuia moto, kupunguza nyasi mbele ya vibanda ambamo wageni hujificha wakiwavizia wanyama. Ukiiacha kazi hiyo msimu mmoja tu, msitu unajifunga, na njia huioni hata ukioneshwa kwa kidole.

Na sasa trekta la zamani lilikuwa limekufa. Injini ilipasuka, fundi akaitazama, akafunika boneti taratibu kama anayemfunika maiti uso.

Mwenye msitu, ambaye wote walimwita Bosi, hakuwa mtu mbaya. Aliurithi msitu kwa baba yake, na wageni wa msimu wa kuwinda ndio waliomweka mjini. Alimwambia Mama Klachi aende akachague mwenyewe, maana yeye ndiye anayeujua ule msitu kwa matako, kwa kuurukia kwenye kiti kila siku. Ila akampa sharti. Lisikatwe tawi hata moja. Pale kwenye njia ya bwawani matawi yamekutana juu, pana giza la mchana, na wanyama huvuka hapo kwa sababu ya giza hilo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia peke yake, kwamba msimu ukifika njia hazijafunguliwa, atawapa msitu watu wa mbao, na nyumba ya dereva itakwenda na msitu.

Nyumba hiyo ni vyumba viwili, jiko la nje, na bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji. Mama Klachi aliishi humo na mama mkwe wake. Nyuma ya jiko kuna kaburi la mumewe, limefagiliwa kila asubuhi kama sebule.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, basi tulitazame.

Nyuma ya kiti cha trekta huwa kuna upinde wa chuma. Trekta likipinduka, upinde ndio unaotangulia chini, na dereva aliyejifunga mkanda anabaki kwenye nafasi yake, hapondwi. Trekta la zamani lilikuwa na upinde wa kukunjwa. Una bawaba na pini: ukichomoa pini unaulaza nyuma, unapita chini ya matawi, ukitoka kwenye miti unausimamisha tena. Mumewe, aliyekuwa dereva kabla yake, aliulaza asubuhi, akapita chini ya matawi, akatokea upande wa korongo ambako ardhi inalala upande, na hakuusimamisha. Hakuwa mzembe. Njia ile inaingia mitini na kutoka, inaingia na kutoka. Kila ukitoka ushuke, uinue, utie pini, upande. Hatua chache mbele ushuke tena ulaze. Hakuna dereva wa msitu anayefanya hivyo. Wanaulaza asubuhi, jioni wanakuta umelala.

Trekta likapinduka, wakamleta nyumbani juu ya mlango wa kibanda.

Baada ya msiba madereva wengine wote waliikataa kazi. Mjane akaichukua, kwa kuwa anayeondoka kwenye kazi anaondoka na kwenye nyumba. Trekta likanyooshwa, akaapa mbele ya mama mkwe kwamba yeye atausimamisha upinde kila mara. Akausimamisha. Siku zikapita, mikono ikachoka, mvua zikaja. Alasiri moja akiwa katikati ya mteremko wa korongo aligeuka kutazama mashine ya kufyeka, akauona upinde umelala. Ulikuwa umelala tangu asubuhi. Hakukumbuka hata kuulaza.

Jioni hiyo sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Mama mkwe akaitazama sahani. Alielewa.

Ndiyo maana siku ya kwenda kuchagua trekta bibi huyo alimsindikiza mpaka mlangoni. Ni mzee mwembamba, meno yamebaki ya mapambo tu, lakini ulimi wake haujapoteza kitu.

"Nenda mkaza mwanangu, kachague," alisema. "Lakini ukiniletea jingine la kunikalisha msibani, mimi huo msiba siji. Utajizika mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Na kaburi utachimba wewe. Mimi mgongo unauma."

Basi yuko kwenye uwanja wa kuuzia matrekta na fito yake. Muuzaji alikuwa bwana wa makamo, anapangusa kila kiti kwa kitambaa kabla hajamkaribisha mtu kukaa. Walianza na trekta lenye kibanda cha vioo. Mama Klachi hakusimamisha hata fito. Lile lingeingia msituni likiwa na kichwa na kutoka bila kichwa. La pili lilimpendeza mpaka moyo ukamdunda. Pana, zito, magurudumu yameachana, la kukaa kwenye mteremko kama mama mwenye nyumba, na upinde wake hauna bawaba. Umesimama, basi, umesimama. Akasimamisha fito pembeni. Upinde uliizidi kwa kiasi cha mkono kutoka kiwiko mpaka vidole.

Alirudi nyuma akapima tena, kama kwamba chuma kingeona aibu kikashuka.

Lililofuata lilikuwa dogo, la mashamba ya matunda, fito ikalipita juu kwa raha. Halikuwa na upinde kabisa. Alilisukuma kwa bega, likatikisika. Akaliona korongoni linabingirika kama sufuria.

"Sasa mama, hili hapa limetengenezwa kwa ajili yako," muuzaji akasema, akampeleka kwenye la mwisho. Zito, lenye nguvu ya kuvuta mashine ya kufyeka bila kuhema. Na nyuma ya kiti, upinde wenye bawaba na pini mbili nyekundu zinazong'aa. Akaulaza kumwonesha. Ukalala laini, bila kelele.

Mama Klachi akazitazama zile pini. Akaketi kwenye ngazi ya trekta. Muuzaji akamwuliza kama anataka maji, naye akamweleza yote, ya mume na ya ile alasiri yake mwenyewe. Muuzaji akavua kofia. Alisema ukweli wake: linalopita chini ya matawi na lisilokunjwa kwa pamoja, hana, na hajawahi kuliona.

Mama Klachi akampigia Bosi simu palepale. Akamwomba lile la upinde uliosimama, wakate matawi machache tu ya njia ya bwawani, yeye mwenyewe atayakata kwa mkono. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba wageni hawamlipi kwa ajili ya miti, wala kwa ajili ya nyumba ya wageni inayovuja. Wanalipa kukaa kibandani na kumwona paa anatokeza kwenye lile giza. Hana kingine cha kuuza.

"Wewe si mtoto," akasema. "Utausimamisha."

"Hata marehemu hakuwa mtoto, Bosi."



"Chagua linalopita," Bosi akasema.

Akachagua linalopita. Karatasi zikatoka, muuzaji akampa ufunguo na mto mdogo wa kuweka mgongoni ili miguu isogee kidogo, bure, akigeuza uso pembeni. Mama Klachi akatoka barabarani na trekta jipya, fito ameilaza miguuni. Kila alipokanyaga klachi aliinuka, na kila alipoinuka aliuona upinde nyuma yake, umesimama wima, mtiifu, unangoja kulazwa.

Hakuingia njia ya kwao. Alinyoosha mpaka kwa fundi wa kuchomelea, rafiki wa marehemu, akazima injini mbele ya karakana.

"Shemeji, nichomelee hizi bawaba. Huku na huku. Zisikunjike tena mpaka kiama."

Fundi alidhani ni utani wao wa kila siku. Akamwambia shemeji, hili bado linanuka duka, linahitaji shanga na maua, si moto. Alipoona hacheki, akaanza kukataa kwa dhati. Mali ya watu. Bosi atamfungia karakana. Na halitapita chini ya matawi, atakuwa ameharibu kitu kizima. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na Mama Klachi aliitikia moja moja kwa kichwa, ameketi juu ya kopo la rangi, haondoki.

Maneno yalipomwisha fundi, yeye akauliza, "Siku ile, mlango uliubeba upande gani?"

Fundi akatazama chini.

"Wa miguuni," akasema.

Akavaa miwani yake myeusi, akavuta waya, na cheche zikaanza kuruka juu ya rangi mpya.

Nyumbani, mama mkwe hakutaka kusimuliwa. Alilizunguka trekta, akaushika upinde kwa mikono miwili, akautikisa. Kisha akaning'inia juu yake, miguu imeachia ngazi, bibi mzima na khanga yake, akabembea kama nguo kwenye kamba.

"Huu haulali," akasema, akashuka akaenda jikoni.

Bosi alikuja mwenyewe kulitazama. Alilikuta kwenye njia ya bwawani, limesimama, upinde umegota kwenye tawi la kwanza. Mbele yake nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Alipanda, akapitisha kidole kwenye chuma kilichoyeyuka na kuganda. Akauliza nani amefanya. Mama Klachi akasema ni yeye. Bosi alijua hawezi kuchomelea hata kijiko, lakini hakubishana. Alisema kuna mtu ana mashine ya kukatia chuma, atakuja naye kesho.

"Mlete," Mama Klachi akasema. "Na umlete na dereva, Bosi. Mimi chini ya upinde uliolala sikai tena. Nikikaa nitausahau. Najijua."

Bosi akaketi kwenye gogo. Dereva mwingine hakuwapo, wote wawili walilijua hilo, na msimu ulikuwa mlangoni. Alitazama tawi, akatazama nyasi, akatazama mikono yake. Mwishowe alisema yakatwe yanayogusa upinde, hayo tu, si zaidi. Na kama msimu huu wanyama hawatavuka pale, basi yeye atatoka msituni na yeye dereva atatoka kwenye nyumba, siku moja, na kusiwe na wa kumlaumu mwenzake. Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa nafuu angekasirika.

Mama Klachi alipanda na msumeno. Kila tawi lililoanguka lilifungua tundu, na jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia tangu enzi za baba yake Bosi. Alipomaliza akashuka, akaitazama njia. Pale penye giza palikuwa pameng'oka kama kinywa cha mama mkwe. Siku zilizofuata alifyeka, na kila asubuhi kabla ya kuwasha injini aliinama pale wanapovuka wanyama kutafuta alama za kwato kwenye udongo laini. Aliona nyayo zake mwenyewe. Aliona za magurudumu. Nyumbani hakuliongelea, lakini alianza kuona namna mama mkwe anavyofagia lile kaburi, taratibu zaidi, anazunguka pande zote, kama anayekariri kitu cha kuondoka nacho.

Korongo alilibakiza mwisho. Alifika ukingoni, akafunga mkanda, akavuta pumzi, akainuka, akakanyaga klachi. Trekta likalala upande kufuata ardhi. Tairi la chini likateleza kidogo, likashika. Akateremka polepole, meno yameumana, mgongoni anausikia ule upinde bila kugeuka, na alipofika kwenye tambarare mikono iligoma kuachia usukani.

Juu ukingoni alikuwapo mama mkwe. Alikuwa amekuja kwa miguu njia yote ile, kidumu cha maji mkononi, na hapakuwa na mtu aliyemwita. Hakupunga mkono. Alikuwa amesimama palepale alipoangukia mwanawe.

"Pita tena," bibi akapaza sauti. "Mara hii nitafumbua macho."

Mama Klachi akageuza trekta, akaanza kupanda.