Nilimlimia Jirani, Kisha Nikamtaja kwa Mjumbe

Siku ile tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu Ndeshi na Aminieli, wakikusanya magugu, na jirani yetu Baba Anaeli, amekaa chini ya mgomba huku mimi nikimlimia. Kosa ni langu. Lakini siwezi kumtaja mtu yule bila kutema mate!

Tulipatana kusaidiana: leo kwake, kesho kwangu. Wazazi wetu wamekufa, shule ya misheni hapa Akheri nimeiacha ili wadogo zangu wapate kula, na masika hayamngoji yatima. Nililima bustani yake yote, tope hadi magotini. Kazi yake yeye ilikuwa kunielekeza kwa kidole.

Kesho yake nilimwendea. "Shikamoo, Baba Anaeli. Leo ni zamu yangu."

"Marahaba, mwanangu. Udongo umelowa. Mtu mzima atalimaje uji?" Akacheka. "Ungebaki shule ungelijua hilo."

Udongo umelowa! Wa kwangu tu!

Siku zikapita, mbegu zetu zikaanza kuchipua ndani ya kibuyu. Ndipo akaja mjumbe wa mangi, mtawala wetu, anatafuta mtu wa kupeleka Arusha kuchimba barabara ya serikali ya Wadachi.

"Kijana, nani hapa hana kazi?"

Nikamwonyesha. "Yule. Hajashika jembe masika yote."

Mjumbe akamchukua palepale, mkewe yuko mtoni. Nilifurahi, siwafichi! Nilimtazama akitelezateleza njiani, nikasema: kachimbe sasa, mvivu wee!

Alfajiri nikasikia jembe shambani kwangu. Alikuwa Mama Anaeli, mtoto mgongoni.

"Mama, acha!"

"Mume wangu alikuahidi siku moja," alisema bila kuinua uso. "Nyumba yangu hailali na deni. Niambie tu, baba, nani alimtaja?"

"Sijui."

Sijui! Mimi ninayewaita wengine waongo! Nami nikamwacha alime mpaka mwisho, maana mbegu zilikuwa zinaoza na wadogo wangu wana njaa.

Tulivuna. Baba Anaeli hajarudi.

Mvivu alikuwa mvivu, sifuti neno. Lakini ninyi mliodhulumiwa na jirani, mtukaneni, mnyimeni hata kaa la moto, ila msimpe mkubwa jina lake. Mkubwa hapimi adhabu kwa kosa dogo la jembe mlilotendewa!

Sasa kila masika namlimia Mama Anaeli, naye hunibariki, mjinga mimi nikiitikia. Siku yake ya jembe nimeilipa zamani. Mumewe sijui nitamlipaje.